Kura ya Doriani

Juzi niliwatazama waheshimiwa kwenye televisheni, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mara ikanijia harufu ya doriani.

Mwalimu wetu wa shule ya msingi, Bi Rukia, alilileta tunda hilo darasani mchana mmoja wa joto, akaliweka mezani. Tujadiliane: tulile humu humu, au litolewe nje? Sharti lake lilikuwa moja tu. Kabla hujamjibu mwenzako, useme kwanza hoja yake, mpaka mwenyewe akubali, "Naam, ndivyo."

Mimi niliongoza waliotaka litolewe, maana lilinuka mpaka machozi. Zuwena, wa upande wa pili, akasema tukilitoa, walimu watalila. Nikairudia hoja yake, akatikisa kichwa kukataa. Nikairudia tena, akatikisa tena. Mara ya tatu niliisema vizuri mno hata ikaniingia mwenyewe. Tulipofumba macho kupiga kura, mkono wangu ukapanda upande wa Zuwena, na doriani likashinda, tukalila humo humo.

Nilirudi nyumbani nalia, vidole vinanuka.

"Nani kakuonea?" mama akauliza.

"Mimi! Nimejishinda kwa kura moja!"

Niliamini hakuna aibu kubwa kuliko ile. Juzi nilingoja mpaka mwisho wa kikao, nikitamani nimwone walau mheshimiwa mmoja akilia.