Niliinyamazisha hard disk Nachingwea, sasa naitafuta ile sauti

Wakuu, salaam. Hili nalisimulia lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Nilitoka Kahama na begi moja. Safari ya kwenda Dar, nikalala stendi, kesho yake basi la Ruangwa, kisha bodaboda hadi Nachingwea, kiuno kimekufa ganzi. Nilisikia msimu wa korosho unaleta kazi. Na mimi miguu yangu haijawahi kuzoea mji mmoja.

Nikapata kibarua steshenari, karibu na soko. Kuchapa barua, picha za pasipoti, kuweka nyimbo kwenye flash. Mwenye duka ni Dada Somoe, Mmwera wa Mandawa. Mpole, ila mdomo upo.

Desktop yake ilikuwa na hard disk mbili za zamani. Zinanguruma hadi meza inatetemeka. Wateja walikuwa wanatania mlangoni, "Njomba, mahindi ya kukoboa tulete saa ngapi?"

Somoe hakujali. Kila jioni kabla ya kufunga alifungua video moja: marehemu mama yake, barazani Mandawa, anabangua korosho, anaongea Kimwera, anacheka. Mwishoni anageuka na kuita, "Somoe, njoo uonje!"

Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Simu iliyorekodi ilishaingia maji.

Kwa ngurumo ile, nusu ya maneno ya mama hayakusikika. Nikataka Somoe amsikie vizuri.

Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikazining'iniza nao zile disk zisiguse bati la kava. Mtetemo ukaisha. Ningeishia hapo, nisingeandika uzi huu. Nikaongeza vipande vya godoro ndani ya kava, pande zote.

Kimya.

"Fundi, umeiua?"

"Nimeilaza, dada."

Jioni ile alisikia hadi maganda yakidondoka kwenye ungo. Akanitazama kwa namna ambayo, wakuu, nilianza kuulizia bei ya kiwanja. Mimi!

Miezi ikapita. Mashine ikaanza kuganda. Nilipofungua kava, joto likanipiga usoni. Godoro lilikuwa limeziba njia ya hewa.

Nikaichomoa ile disk yenye video, nikaiunganisha nje, nikaiwekea sikio. Tik. Tik. Tik. Sijui ilikuwa inalalamika tangu lini. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Nikaanza kucopy ile video kabla ya kitu kingine chochote. Ikapita nusu, ikakwama. Disk haikuonekana tena kwenye kompyuta.

Kipande tulichopata kilifunguka. Mama anabangua, anacheka, anaanza kugeuka... basi.

"Hapo ndipo ananiita," Somoe akasema.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Jioni zilizofuata alifunga duka mapema, bila kufungua chochote. Mimi nikaanza kusema nimesikia kuna kazi Songea.

Siku yangu ya kuondoka naye alikuwa anakwenda kwao Mandawa; njia ya Songea siyo hiyo, ila nikazunguka nimsindikize, tukapanda gari moja hadi Ruangwa. Pale stendi akanipa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Ile disk.

"Wewe kukaa huwezi, nimeshakuona. Basi zunguka nayo. Huko uendako pengine yupo anayejua."

Basi langu likaondoka. Nilimwona dirishani akipungua, mkono mmoja umeshika kanga kichwani. Sijarudi tena.

Nilichojifunza: disk ikianza kelele, fanya backup kwanza ndipo ushike bisibisi. Mtetemo utulize kwa mpira, lakini hewa usiizibe. Na ukishainyamazisha, uwe unaisikiliza.

Nimezunguka nayo Songea, Mbeya, sasa niko Kahama tena. Mafundi wawili wameniambia niitupe. Iko hapa mezani, bado ndani ya kanga yake.

Mwenye kumjua fundi anayeweza kuifungua, aandike hapa chini. Video nzima siihitaji. Nataka pale tu mama anapogeuka na kumwita.