Mama Alijua Binti Ataanguka

Leo mama yangu, mlokole wa siku zote, kaniacha mdomo wazi.

Tuko sebuleni hapa Nyegezi, watoto wameweka filamu ya kutisha. Binti anakimbizwa na zimwi porini.

Mama anachambua mchele, hata hainui macho.
"Sasa hivi anaanguka."

Akaanguka.

"Na gari halitawaka."

Halikuwaka.

Jamani, huyu ndiye aliyekuwa akinifuata na fimbo kwenye banda la video kule Magu, miaka ya tisini. Alisema ni mambo ya shetani.

"Mama, umeyajulia wapi?"

"Nilikuwa nasimama pale mlangoni pa banda. Ningekutoaje kabla filamu haijaisha?"

Kumbe.

Miaka yote nilidhani fimbo ilikuwa inachelewa njiani.

Wenzangu wa mabandani, hebu kawaulizeni mama zenu.