Mdachi Aliyekuja Kutembea

Wajukuu zangu wakiniuliza habari za Wadachi hutaka niwasimulie kiboko na hamsa ishirini, zile fimbo ishirini na tano. Viboko niliviona, tena vya kutosha. Lakini Mdachi ninayemchukia mimi hakumchapa mtu. Alikuwa mpole, alisema ahsante, na alikuja kwetu kutembea tu.

Kwetu ni milimani, juu ya Mlali, ambako asubuhi za kipupwe ukungu hulala juu ya matembe na ng'ombe hutoka zizini wakifuka mvuke puani. Mwaka ule kulikuwa kimya. Vijana walikuwa wamechukuliwa kwenda kuvunja mawe ya reli huko bondeni, wengine wamekimbilia porini wasichukuliwe. Mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee wa baba yangu, alikuwa bomani, mnyororo shingoni. Kosa lake? Askari alimtwika mzigo, akautua chini akasema amechoka. Basi! Hakuna aliyetuambia amefungwa kwa muda gani. Baba alipokwenda kuuliza alifukuzwa langoni. Tulimjua mtu mmoja tu wa kwetu aliyewahi kutiwa mnyororo, na huyo hakurudi.

Ndipo akaja huyo Mdachi, ana wapagazi wanne na hema, hana askari hata mmoja. Wanawake walikimbiza mbuzi vichakani. Yeye hakutaka mbuzi. Niliitwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na mchuuzi wa chumvi, Mwislamu wa mjini aliyefuata misafara, akanichoka akaniacha. Nilirudi kwetu sina kitu ila Kiswahili chake.

"Bwana amekuja kutafuta nini?" nikamuuliza.

"Kutembea," akasema. "Kuona milima, maua, mambo ya wazee wenu."

Nikamfasiria baba. Baba akaniambia nimuulize tena, labda sikumsikia vizuri. Mtu mzima anapanda mlima hana ng'ombe aliyepotea, hatafuti kuni wala asali? Nikauliza tena. Jibu likawa lile lile, na baba akacheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka tangu mwanawe achukuliwe.

Siku tatu nilimtembeza. Loo, mtu yule alikuwa na miguu! Alichuma majani akayabana katikati ya karatasi, kila jani akaliulizia jina. Aliuchora mwamba mmoja asubuhi nzima huku mimi nimekaa juani njaa inaniuma. Siku ya tatu tulifika juu kabisa, mahali unapoiona nchi tambarare inakwenda mpaka macho yanachoka. Akavua kofia, akafumba macho.

"Huku kwenu kuna utulivu mzuri sana," akasema.

Utulivu! Nilitamani kumtemea mate. "Utulivu gani, Bwana?" nikamwambia. "Wanaume hawapo, ndiyo maana husikii kitu. Wangekuwepo ungesikia ngoma, ungesikia watu wanagombana." Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamweleza habari za mdogo wangu, maneno yakanitoka pamoja na machozi, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Alinisikiliza, kwa kweli alinisikiliza. Akatoa kidaftari akaandika jina la mdogo wangu, akasema yeye na mkubwa wa boma wanafahamiana, atamwandikia barua na kuipeleka mwenyewe atakaporudi. Halafu, wakati tunashuka, akauliza kama ni kweli baba yangu ana mahali pa mvua, na kama anaweza kupaona.

Hakusema nipe hiki nikupe kile. Ningependa kusema alisema hivyo, ningepata pa kumshika. Mimi ndiye niliyeviunganisha kichwani mwangu.

Mahali pa mvua palikuwa pango dogo kwenye bonde la juu. Ndani yake kulikuwa na shimo, na shimoni kilikaa chungu cheusi cha wazee wetu, si kikubwa, unakibeba kwa mkono mmoja, ndani yake mawe meusi. Baba ndiye aliyekitunza, kama baba yake alivyokitunza, na baada yake kingekuwa cha mdogo wangu. Mvua ikikaribia alipanda na kondoo mweusi, akakiosha chungu kwa maji ya kisima, akasema maneno yake. Watu hawakupanda mbegu kabla hajashuka.

"Pale haendi mtu wa kutembea," baba akaniambia. "Pale mtu huenda akiwa na shida."

"Shida tunayo sisi, baba. Chungu ni udongo. Mwanao yuko shingo kwenye chuma."

Nilimwambia hivyo. Nikamrudia usiku, nikamrudia na asubuhi, mpaka akachukua nguo yake nyeusi akasimama.

Mdachi alivua viatu hata kabla hajaambiwa. Alivaa nguo nyeusi tuliyompa, akapanda pekupeku, mawe yakamchoma na hakulalamika. Kwetu mgeni akifika pale mara ya kwanza huweka chini kitu cha mwilini mwake, bangili, mkufu, chochote anachokitumia kila siku. Akishakiweka amekuwa mtu wa pale. Hawezi tena kuchukua hata ukuni mkavu, kama vile wewe usivyoweza kujiibia ugali mwenyewe. Nilimwambia Mdachi aweke kitu. Sikumweleza maana yake. Kwa nini nimweleze? Nilidhani kila mtu duniani anaijua.

Akatoa kisu chake cha kukunja, chenye mpini mweupe wa mfupa, akakiweka mbele ya chungu kwa mikono miwili. Uso wa baba ulikunjuka. "Huyu sasa ni wetu," akaninong'oneza.

Na akishakuwa wenu mnamwacha. Ndiyo desturi: mgeni hubaki nyuma peke yake aseme neno lake, ninyi mnatangulia kushuka, na kugeuka kumwangalia ni kumtukana. Mimi na baba tulitangulia. Shingo iliniwasha njia nzima, nasema kweli, lakini sikugeuka. Laiti ningegeuka!

Alitukuta chini amefurahi, mkoba wake begani, akamshika baba mkono mara mbili. Jioni ile aliandika barua mbele yangu, akanionyesha jina la mdogo wangu lilipo, akaikunja akaitia mfukoni. Asubuhi akaondoka. Nilimsindikiza hadi kijitoni, na nilimpa mayai, mjinga mimi.

Mwezi wa mawingu ulipofika baba alipanda na kondoo mweusi. Akarudi na kondoo mzima. Mkononi alikuwa na kile kisu.

"Kilikuwa ndani ya shimo," akasema. "Mahali pa chungu."

Mdachi alikuwa amekiingiza vizuri, kisianguke. Kwake yeye alitoa kisu, akachukua chungu, na mambo yakaisha kwa amani. Sina hata neno la kumwita mwizi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Chungu kile sijui kiko wapi. Labda kiko katika nyumba huko kwao, watu wanakiangalia na kusema kizuri.

Mvua ilinyesha mara mbili ikakata. Uwele ulikauka haujafika magotini. Wanawake walininyima moto. Nikifika kisimani waliteka maji haraka wakaondoka, na mmoja alinisema mbele ya watoto wake kwamba nimewauzia mvua yao kwa Mdachi. Mimi niliyekuwa na mdomo kuliko wote nikateka maji yangu nikaondoka. Baba ndiye aliyenikinga. "Ngojeni barua," aliwaambia kila waliposimama mlangoni petu. "Chungu kimemfuata mwanangu. Ngojeni." Kisu alikichomeka kwenye boriti, juu ya mahali ninapolala.

Mdogo wangu alirudi mchana mmoja wa jua kali, akipanda njia ya mbuzi polepole kama mzee. Shingo yake ilikuwa imechubuka pande zote, ngozi mpya nyekundu. Vigelegele vilitoka kila tembe! Wale wale walioninyima moto walinikumbatia, na yule wa kisimani alileta unga aliokuwa ameuficha. Baba alilia bila kujificha, akawaambia watu wote uani, "Chungu kimekwenda, mwanangu amerudi. Mimi nimekubali."

Sijawahi kufurahi kama siku ile, mwe! Nilileta maji kwenye kibuyu, nikapiga magoti kummwagia anawe.

"Barua ilifika lini?" nikamuuliza.

"Barua gani, dada?"

"Ya yule Mdachi wa kutembea. Barua iliyokutoa."

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Hakuna barua iliyonitoa. Kifungo changu kimeisha. Tuliingia sita siku moja, na juzi wametufungua wote sita. Kwani hawakuwaambieni ni cha muda gani?"

Wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele upande wa zizini, hawakusikia. Baba alisikia. Akaniambia mimi, bila hasira yoyote, afadhali angekasirika:

"Kumbe angekuja tu."

Niliendelea kumwaga maji, kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado amenyoosha mikono.