Mkate wa Mtakatifu Luka

Mzee Svetozar, fundi viatu mstaafu wa Bela Crkva, mji mdogo wa Serbia, hakuwahi kumwalika mtu siku ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa ukoo wake. Hakuna Mserbia anayealika. Ajuaye siku yako huja mwenyewe. Asipokuja, ujue hakutaki. Ndiyo desturi, na kwa desturi mzee alikuwa king'ang'anizi haswa.

Mwaka ule alipika nyama iliyoviringishwa kwa kabichi, akachemsha ngano ya sukari na njugu, akawasha mshumaa. Katikati ya meza akauweka mkate wa mtakatifu, ambao hauvunjwi na mtu mmoja. Wawili huushika, wakauzungusha, wakaumwagia divai, wakauvunja na kuubusu. Tangu afiwe na mkewe, aliuvunja na swahiba yake Trifun. Trifun naye alizikwa mwezi Aprili. Mwana wa Svetozar alipiga simu kutoka Kanada: "Baba, kama huna wa kuvunja naye, si uiache tu hiyo sikukuu?" Maneno yale yalimchoma. Akaapa kwamba asipotokea mtu mwaka huu, ataiacha kweli.

Tegemeo lake lilikuwa moja tu, Mama Rimma, mjane wa Kirusi aliyehamia mlango wa pili. Warusi si wageni Bela Crkva. Wana kanisa lao dogo, na makaburi yamejaa wazee wao waliokimbia mapinduzi ya kwao Urusi. "Mrusi ni ndugu," babu yake Svetozar alikuwa akisema. Na juzi mzee alimwambia mama huyo ngazini, "Kesho kutwa ni siku ya Luka wangu." Amwambie nini zaidi?

Kila aliposikia vishindo kwenye ngazi alifungua mlango. Watu walipita kwenda zao. Jioni akauzima mshumaa kwa divai, peke yake, akalia. Mkate ukabaki mzima mezani.

Asubuhi wakakutana ngazini.

"Ndugu gani ninyi!" mzee alifoka. "Ukuta mmoja tu, na mguu wako haukufika!"

"Hukunialika, Mzee Svetozar."

"Nikualike? Nani anaalika siku ya mtakatifu!"

"Mimi ningejuaje? Kwetu hakuna sikukuu ya ukoo. Nilivaa gauni langu jema tangu asubuhi, mwenzio. Kila ukifungua mlango, nilisimama. Nikasema, sasa anakuja kunigongea."

Mzee aliona haya. Akaingia ndani, akatoka na mkate.

"Umekauka kama soli. Shika huku. Tuuzungushe kwanza… haya, vuta!"

Wakavuta, wazee wawili palepale mlangoni, wakihema, mpaka ukakatika. Wakaubusu. Mama Rimma alicheka huku akifuta machozi na makombo.

"Na mwakani," aliuliza, "utanialika?"

"Thubutu!" alisema mzee. "Sikualiki ng'o."