Jedwali la Miji Mitatu

Mwalimu Duara alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakumwambia mwanafunzi hata mmoja amekosea nini. Alizungushia kosa kwa kalamu nyekundu, akarudisha daftari, akanyamaza. Ukitaka kujua ulipoteleza, kaa chini ujitafute. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo. Mwanawe wa pekee alikuwa na taabu kuliko wote, maana wenzake kengele ikilia walimkimbia mwalimu, yeye akaandamana naye nyumbani.

Mtoto huyo akakua, akawa mchoraji wa ramani za majengo. Alichora ngazi na mabomba ya nyumba asizowahi kuzikanyaga, kwa ajili ya kampuni ya ng'ambo isiyo na hata ofisi. Kila mtu alifanyia kazi kwake, kwa kompyuta. Meza yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, kwa kuwa waya wa intaneti uliishia hapo. Kitanda cha mama yake, yule mwalimu, nacho kilihamia sebuleni tangu moyo wake ulipoanza kuchoka, kwa kuwa chumba chake hakikuwa na hewa. Wakati wa vikao mchoraji alitundika shuka la kijivu nyuma ya kiti, na wenzake wa ng'ambo waliamini miaka mitatu mizima kwamba ule ni ukuta. Nyuma ya ukuta huo mwalimu alilala akisikiliza, na kikao kikiisha alitoa hukumu.

"Yule wa sauti nyembamba hajui anachosema. Mpe mtihani uone."

Jumatatu moja bosi alitangaza mambo mapya. Wateja wamechoka kusubiri majibu kwa sababu ya tofauti ya saa. Kuanzia mwaka mpya wachoraji wote wataishi katika mmoja wa miji mitatu iliyo karibu na saa za wateja. Wataendelea kufanyia kazi nyumbani, na kampuni itashughulikia vibali. Kila mtu alinganishe miji hiyo, achague, ajibu kufikia Ijumaa. Asiyetaka kuhama, mkataba wake unaishia hapo.

Mchoraji alitaka kwenda, tena kwa roho yake yote, na anayesimulia habari hii hatamficha. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na hajawahi kupanda ndege. Katika mji mmoja kati ya ile mitatu, ambao yeye na mama waliuita Mji wa Reli, alikuwa amekwisha kuchora majengo manne. Alijua madirisha yake yanatazama wapi na jua linaingilia chumba gani. Lakini wiki mbili kabla ya tangazo hilo daktari alimvuta pembeni kwenye korido ya hospitali, akamwambia moyo wa mama yake hautavuka mwaka. Mchoraji akamsihi asimwambie mama. Tangu siku hiyo aliibeba siri hiyo peke yake, akiwa anakula na kucheka na mgonjwa kama kawaida.

Basi akatengeneza jedwali. Juu aliandika miji: Mji wa Reli, Mji wa Ngazi na Mji wa Joto. Pembeni akapanga mistari saba: kodi ya nyumba, kasi ya intaneti, usalama wa barabara, hospitali, hali ya hewa, lugha, na saa za kufika nyumbani. Kila mji ukapewa alama katika kila mstari. Akajumlisha, na Mji wa Joto ukashinda kwa mbali. Ni mji wa vioo na vumbi ambao hakuna mchoraji hata mmoja aliyeutaka.

"Lete nikague," mama alisema Alhamisi asubuhi, na angekataa vipi? Akamchapishia karatasi.

Mwalimu alivaa miwani, akapita mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akazungushia namba moja tu, akamrudishia.

"Mama, nimejumlisha mara tatu. Iko sawa."

Mama akatazama dari. Mchoraji akaitazama karatasi. Duara lilikuwa mstari wa saba, pale alipoandika kwa herufi ndogo kabisa: mara kumi. Alama za mistari mingine aliziacha kama zilivyo. Za mstari huu alizizidisha kwa kumi, akidhani namba ndogo haitaonekana. Alisahau anamchezea nani.

"Mji wa Joto una ndege ya moja kwa moja," alisema. "Kwa saa nne tu umefika."

Hapo mwalimu akavunja sheria yake, akalisema kosa kwa mdomo.

"Intaneti inayokulisha umeipa moja. Nyumba utakayolala, moja. Kunifikia mimi, kumi. Mtu hukimbilia msiba namna hiyo, mwanangu. Daktari alikwambia lini?"

Mchoraji alikaa ukingoni mwa kitanda. "Wiki mbili. Na wewe?"

"Mwezi sasa. Nikamwomba asikwambie."

"Na mimi nilimwomba asikwambie wewe."

"Maskini daktari," mama alisema, wakacheka wote wawili mpaka yeye akashika kifua na kicheko kikakatika. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa sisi tumefichana tukiwa chumba kimoja."

Mchoraji alingoja aambiwe aende. Maisha yake yote mama huyu alimsukuma mbele. Aliuza hata cherehani yake ili yeye asome. Alijua maneno yatakayofuata, na aibu ilimshika kwa jinsi alivyoyatamani.

"Nilipanga kukwambia uende Mji wa Reli," mama alisema. "Tangu Jumatatu nayapanga maneno kichwani, yamekaa vizuri kabisa. Hayatoki. Naogopa, baba. Sitaki kufa nikihesabu saa za ndege. Usiende."

Siku ya Ijumaa aliandika kwamba hatahama. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: mistari miwili, asante na kwaheri. Alikasirika. Siku tatu alimjibu mama yake "ndiyo" na "hapana" tu, akishinda katika kile chumba kisicho na hewa. Mama hakuomba radhi.

"Kasirika," alimwambia kupitia mlangoni. "Lakini kula."

Daktari alisema mwaka. Mwalimu aliishi mitano. Katika miaka hiyo mwanawe alichora maduka, ua na vyoo vya watu wa mtaani, na ile kampuni, alipoiandikia tena, haikujibu. Wenzake wawili walihamia Mji wa Reli. Walimtumia picha za madirisha aliyoyachora, na alizitazama mara moja tu.

Mwaka wa tano, siku moja akimbadilishia mto, mama alimuuliza, "Unanichukia?"

"Kuna siku."

"Leo je?"

Alifikiri kwanza, maana mama huyu hakupenda jibu la haraka. "Leo hapana."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba chai. Alifariki wiki hiyohiyo, asubuhi, mkono wa mwanawe ukiwa chini ya shingo yake, akimwinua anywe maji.