Jangwa la Stafford

Bado naikumbuka siku niliyofika Stafford, mwanangu, maana nilidhani safari zangu zimekwisha. Nilikuwa nimetoka mbali. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Kigoma, nikapandishwa ndege nikiwa kijana wa ndevu mbili tatu, nikashushwa Dallas mwezi wa Januari na kandambili miguuni. Nimesafisha ofisi Richardson, nimepanga maboksi ghalani Fort Worth, nimetandika vitanda vya hoteli ambavyo sitakaa nivilalie. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka, na kila nilipokumbuka nilitaka kuhama. Ndipo nikasikia kwamba kule Houston, pale Stafford, vijana wenzetu Wakatoliki wamepanga nyumba na wanaishi kama wamonaki, wale watawa wa jangwani. Nikapanda basi.

Sijazeeka sana, nina miaka arobaini na kitu. Lakini nakuandikia kwa hasira, na hasira nayo ina umri wake. Nimesikia kwamba wewe pia "umeingia jangwani". Mama yako umemblock, dada yako akipiga anajibiwa na mashine, halafu unaweka picha ya mshumaa mtandaoni ili tuone jinsi ulivyojificha. Aliyejificha hapigi picha. Kaa chini unisikilize.

Kiongozi wetu aliitwa Melkiori. Mchana aliendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani, jioni alikuwa abate, mkuu wa watawa. Alikuwa na sauti nzuri, na alitusomea habari za wamonaki wa Misri, wale wa enzi za wafalme wa Konstantinopoli, waliokaa mapangoni na kula mkate mkavu. Kila mtu alikuwa na chumba chake, gereji ikawa kanisa. Tulifunga, tulinyamaza, tulilala sakafuni na magodoro yapo. Sikatai, mwanzoni nilipata utulivu. Mtu akishinda kutwa kwenye kelele za mashine, ukimya ni dawa. Lakini Melkiori alitunyang'anya simu kwa jina la utii, ikabaki moja tu, ya kwake, iliyounganishwa na kamera ya mlangoni. Wamonaki wa Misri hawakuwa na kamera mlangoni. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Jumamosi moja ya Agosti, jua likiwa utosini, kengele ililia. Tukainamia simu ya Melkiori. Nje alikuwa amesimama Mama Evaristi, mama wa mdogo wetu kuliko wote mle ndani, ameshika hotipoti, kitenge kimelowa jasho. Alikuwa ametoka Fort Worth. Nyuma yake alikuwa Mzee Onesfori, katekista aliyetufundisha sala kambini, ndiye aliyemwendesha.

"Eva, mwanangu, ni mimi," mama alisema akiitazama kamera kama dirisha. "Jumatatu wananipasua moyo. Nataka nikuone tu, halafu niende."

Evaristi aliinuka. Melkiori akamshika bega.

"Kaa. Mmonaki hana mama. Shetani anajua sauti ya kutumia."

Shetani! Mwanamke aliyembeba mtoto huyo mgongoni tangu Burundi hadi mpakani, miguu imepasuka, leo anaitwa shetani na dereva wa foklifti!

"Kaka Melkiori," nilisema, "nje ni tanuri."

"Atakayefungua ameliacha jangwa."

"Basi nimeliacha."

Nikafungua. Mzee Onesfori hakungoja kukaribishwa. Alipita moja kwa moja hadi mbele ya Melkiori.

"We Melkiori, ishara ya msalaba nilikufundisha ukiwa na kamasi. Hili umefundishwa na nani?"

"Mzee, please, tuko kwenye mfungo. Mababa wa jangwani..."

"Mababa wa jangwani! Umewasoma nusu ukurasa ukafunga kitabu. Wale walisuka kamba na vikapu, wakauza, wakala, wakawapa maskini. Mgeni akibisha, walivunja mfungo wakala naye, kesho yake wakafunga upya. Walikimbia anasa za mjini na watu waliogombea vyeo kanisani. Wewe umekimbia nini? Wali wa Mama Evaristi?"

Nikageuka kumtafuta Evaristi. Alikuwa ameshaingia chumbani na kujifungia.

Nilimpa mama maji. Hakunywa hata nusu. Alikwenda kwenye mlango wa mwanawe, akauwekea kiganja.

"Eva, toka basi. Au usitoke, sema neno moja."

Tulisimama pale sote, watu wazima, tukiusikiliza ubao wa mlango. Kisha kikatoka kikohozi. Kimoja tu.

Mama akatabasamu. "Ni yeye. Anakohoa kama baba yake." Akanigeukia. "Anakula huyu?"

"Anakula, mama."

"Usimdanganye," Mzee Onesfori akasema.

"Anakula kidogo, mama."

Aliiweka hotipoti chini, mbele ya mlango. "Akifungua, awape na wenzake," alisema, akatoka.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijui ni mzazi gani mwingine angewakumbuka hao wenzake.

Mama alipasuliwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Ile nyumba haikumaliza mwaka. Melkiori leo anauza nyumba Missouri City, jirani tu na Stafford, ana mke na gari refu, na ukimkumbusha jangwa anacheka. Evaristi alirudi Fort Worth. Kila Jumapili anakwenda kwa mama yake, naye mama anampokea vizuri: anampa kiti kizuri, soda baridi, karibu sana, habari za kazi. Anamkaribisha kama anavyokaribisha wageni. Jina la Eva hajalitamka tena. Hicho ndicho kinachonichoma, mwanangu. Mama hakumlaani, hakumfukuza. Alijifunza tu kuishi bila yeye, kwa sababu mwanawe ndiye aliyemfundisha.

Mimi nilitoka siku ileile. Nilichukua begi langu na viatu vya kazi, nikaingia kwenye gari la Mzee Onesfori, tukaishika barabara ya kwenda Dallas, mama amelala kiti cha mbele. Sikugeuka nyuma, na Stafford sijakanyaga tena.

Sasa sikia ninachokutaka. Sala siikatazi, wala kufunga. Nenda jangwani ukiitwa, wapo walioitwa kweli. Lakini uage kabla ya kuondoka, na mlango wako uwe na mtu wa kuufungua. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mgeni akiwa ni aliyekuzaa, na bado ukajifungia, utaponea wapi? Mungu unayemtafuta chumbani amekwisha kukupigia mara nyingi kwa namba ya mama yako. Mfungulie leo, na umwombe radhi kwa sauti, si kwa ujumbe.

Nimesema kwa ukali kwa sababu nakupenda. Mungu akutunze, akupe ukimya wenye masikio, na mama yako akiita akukute ungali mwanawe.