Goti Moja, Ziara Moja

Nilipowekewa goti la chuma, akina mama wa kikundi chetu cha Kalama walijaa nyumbani. Walileta muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, unga na maziwa, wakaomba, wakaimba, na mmoja akalipapasa goti juu ya bendeji akasema sasa nitawapita wote njiani kwenda kanisani. Nilicheka hadi nyuzi zikaniuma. Tangu mume wangu afariki, nyumba ile haikuwa imesikia kelele kama hizo.

Miezi ikapita, goti likaanza kuvimba na kuwa moto. Huku kwetu kilichovimba hukandwa, kwa hivyo nikalikanda kwa maji moto ya chumvi kila jioni. Binti yangu alipopiga simu kutoka Doha nilimwambia niko sawa. Usaha ulipotokeza kwenye kovu nikarudi hospitali. Daktari akanieleza kwamba bakteria wamejibanza kwenye chuma, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Chuma kikatolewa, pakawekwa saruji ya mifupa yenye dawa, nami nikalazwa nipewe dripu za antibiotiki. Damu ikiwa safi, nitapata goti jingine. Isipokuwa safi, mguu utafungwa usikunjike tena.

Nikampigia mwenyekiti wa kikundi. Alinipa pole ya kweli, kisha akaniuliza:

"Lakini Mwalimu, si hilo goti tulikuja tukaliona? Tukikuja tena, wengine watauliza mbona wewe mara mbili."

Sheria naijua, niliipigia kura mwenyewe: mgonjwa huonwa mara moja kwa ugonjwa mmoja. Nilikasirika hata hivyo. Nilitamani yangeharibika magoti mawili, hilo la kushoto halijaonwa na mtu.

Saa za kuona wagonjwa nilikuwa nageukia ukuta. Zikiisha, mama wa kitanda cha pili, mfanyabiashara wa Kyumbi, alikuwa akinigawia chapati alizoletewa, tukawasengenya wageni wake mmoja mmoja hadi usingizi ukatuchukua. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyolala baada ya kuongea na mwenzake.

Asubuhi moja daktari alikuja na majibu. Damu ni safi, alisema. Kama goti halina maumivu, niende nyumbani nikasubiri upasuaji huko. Akalibonyeza pande zote huku akiniangalia usoni.

"Linauma?"

Halikuuma hata kidogo. Nikamwambia linauma.